Morfini imemfunga baba choo, na sasa anasema heri afe

Msomaji wa Makorora, Tanga, ameandika:

«Shikamoo daktari. Mimi ni binti ninayemuuguza baba. Baba yangu ana miaka 71 na ana saratani ya tezi dume iliyokwishafika kwenye mifupa ya kiuno na mgongo. Hospitali walimpa morfini ya maji, anakunywa kila baada ya saa nne, na maumivu yamepungua sana. Lakini leo ni siku ya tisa hajapata choo cha maana. Tangu juzi yanamtoka maji machafu bila mwenyewe kujijua. Tumbo limejaa, anatapika kidogo, chakula hataki. Shangazi anasema niache morfini nimpe haluli. Juzi usiku baba aliniambia, "Heri nife mpumzike," na jana akataka chupa ya dawa nimwachie kando ya kitanda. Naogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo. Jirani naye ananiambia nikiyasema hayo hospitali, polisi wataitwa. Nifanye nini?»

Marahaba, mwanangu. Umeniletea mambo mawili, choo cha baba na maneno ya baba, na watu wengi wangeyapeleka kwa watu wawili tofauti: choo kwa muuguzi, maneno kwa sheikh au kwa wazee wa ukoo. Mimi nitayajibu pamoja, kwa kuwa kwa mzee wako yameshikana. Tumbo lililofungwa linamfanya achoke kuishi, na kuchoka kuishi kunaweza kumfanya akatae hata matibabu ya tumbo.

Ya leo kwanza. Chupa usimwachie. Morfini usiisimamishe. Haluli usimpe. Na usingoje tarehe ya kliniki: siku tisa bila choo, tumbo kujaa na kutapika ni sababu tosha ya kumpeleka Hospitali ya Bombo leo hii, hata kama mnalazimika kukodi bajaji au kuomba gari la mtu.

Sasa hiyo chupa. Kuanzia saa hii mshika dawa awe wewe, au mtu mzima mwingine mmoja mnayemwamini. Iwekwe kwenye kasha lenye kufuli, mahali penye ubaridi pasipopigwa jua, na ufunguo usikae chumbani kwa mzee. Kila dozi uipime mwenyewe kwa kipimo mlichopewa hospitali, si kwa kijiko cha chai, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Mpe, mwone amemeza, kisha andika kwenye daftari saa na kiasi. Dawa nyingine zote za nyumbani, na sumu za wadudu na panya kama zipo, zitoke chumbani mwake. Bora zaidi zihame nyumba kwa muda, jirani unayemwamini akutunzie.

Usilifanye jambo hili kama adhabu. Mwambie tu, «Baba, hospitali wamenikabidhi mimi niipime hii dawa. Nitakuletea kila saa yake ikifika, hata usiku wa manane.» Kisha timiza. Mgonjwa anayeachwa akiumia saa mbili akingoja mtu aamke ana kila sababu ya kutaka chupa iwe karibu. Huenda ndicho alichokuwa anakitaka jana: maumivu humzindua alfajiri na anaona haya kukuamsha. Muulize hilo, na ukifika hospitali mwambie daktari, kwa sababu ipo namna ya kuipanga dozi ya kulalia ili mgonjwa avuke usiku. Usiipandishe mwenyewe.

Kuna watu husema kuficha dawa ni kujisumbua, kwamba aliyeamua ameamua. Ushahidi wa dunia unasema vingine. Uingereza mwaka 1998 ilipunguza idadi ya vidonge vya kutuliza maumivu vinavyoruhusiwa kuuzwa katika pakiti moja, na vifo vya kujiua kwa vidonge hivyo vikapungua. Hamu ya kujitoa uhai kwa watu wengi hupanda ikashuka, mara nyingi ndani ya saa chache. Mtu akivushwa katika saa hizo, wengi hawarudi tena kulitafuta jambo hilo. Kwa hiyo kufuli lako si dharau kwa baba. Linamnunulia muda, na muda ndio tunaouhitaji ili tumtibu.

Umesema unaogopa kumuuliza usije ukamtia wazo. Mwanangu, wazo analo tayari au hanalo, na swali lako halitampandikizia. Hili limechunguzwa mara nyingi, na mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma yanasema wazi kwamba kuuliza juu ya kujiua hakumsukumi mtu kufanya hivyo, bali mara nyingi humpa ahueni. Kinachoumiza ni kunyamaziwa. Mzee anatamka neno zito, watu wanasema «Usiseme hivyo baba, mshukuru Mungu,» mazungumzo yanahamia kwenye chai. Siku ya pili hasemi tena, na nyumba nzima inadhani yamekwisha.

Najua ugumu wako. Kwetu pwani binti hamkalii baba yake kitako akamhoji juu ya kifo. Kama yupo kaka yako, mjomba, au rafiki wa baba wanayekaa pamoja barazani baada ya alasiri, mwombe yeye aulize. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wa maradhi mazito, anaweza kuuliza pia, ni kazi yake. Lakini kama usiku wa leo hakuna mwingine, uliza wewe. Adabu haivunjiki kwa kumwuliza mzazi anaumia wapi.

Uliza kwa maneno ya moja kwa moja, mkiwa wawili tu, redio imezimwa. «Baba, juzi ulisema heri ufe. Unamaanisha umechoka na ugonjwa, au umefikiria kujitoa uhai mwenyewe?» Kisha nyamaza. Usijaze ukimya. Akisema amefikiria, muulize kama amewaza afanye vipi na lini. Majibu yana uzito tofauti. Mgonjwa wa saratani anayesema «Namuomba Mola anichukue» mara nyingi amechoka, na uchovu huo una tiba. Anayesema amepanga namna, au anayekusanya dawa, au anayeanza kugawa vitu vyake na kuaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, huyo haachwi peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuteka maji, na anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Baba yako kuomba chupa naiweka katika kundi la kuangaliwa kwa karibu, mpaka aseme mwenyewe aliitakia nini.

Usimjibu kwa hoja. Usimtajie dhambi wala moto usiku huo. Mzee anayajua mafundisho ya dini kuliko mimi na wewe, na kumkumbusha akiwa katika hali hiyo kutamfundisha tu kwamba kwako hapana pa kusemea. Sema, «Nimekusikia baba. Hutakuwa peke yako, na hili tunalifikisha kwa daktari.» Imamu wake mtaje baadaye, naye aje kama rafiki.

Kuhusu polisi. Ni kweli Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Hakuna kifungu kinachofanya kosa kuchoka, kutamani kufa, au kumweleza daktari mawazo hayo. Unachokwenda kusema Bombo ni maelezo ya mgonjwa, na daktari anayahitaji kama anavyohitaji kujua homa yake. Mimi sioni faida ya kifungu hiki. Kinatisha familia zinyamaze pale zinapohitaji kusema, na hata anayehitaji kuokolewa usiku hucheleweshwa nyumbani kwa hofu ya kuulizwa. Mahakama Kuu ya Kenya ilikwishatamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria yao kinapingana na katiba. Nasi tutafika. Kwa sasa, hofu ya jirani isikuzuie.

Twende tumboni.

Morfini hutuliza maumivu kwa kukamata vipokezi maalumu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Vipokezi vya aina hiyohiyo vimejaa kwenye kuta za utumbo, kwa sababu utumbo una mtandao wake mkubwa wa neva unaoendesha kazi ya kusukuma chakula bila kungoja amri ya kichwa. Dawa haichagui. Inatuliza mgongo wa baba, na wakati huohuo inatuliza utumbo wake. Misukumo inayopeleka chakula mbele inapungua, misuli ya milango ya utumbo inakaza, majimaji ya kulainisha yanatoka kidogo, na choo kinachokaa muda mrefu katika utumbo mpana kinafyonzwa maji mpaka kinakuwa kigumu. Hata ile hamu ya kwenda haja hufifia, kwa hiyo mgonjwa haambiwi na mwili wake kwamba wakati umefika. Kazi hii ya dawa za jamii ya afyuni imejulikana tangu zamani, na ndiyo maana zilitumika kuzuia kuharisha. Hata loperamidi, kidonge cha kufunga kuhara kinachouzwa maduka ya dawa, ni ndugu wa morfini aliyetengenezwa afanye kazi tumboni bila kupanda kichwani.

Na tumbo la juu halisalimiki. Chakula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida, mgonjwa akila vijiko vitatu anajiona ameshiba, anacheua, anasikia kichefuchefu. Hapo ndipo hamu ya kula inapopotea. Familia huona baba amekataa chakula, wakadhani amekata tamaa, kumbe hakuna nafasi.

Jambo ambalo ningetaka kila anayeandikiwa morfini aambiwe siku ya kwanza ni hili: usingizi mzito wa mwanzo na kichefuchefu cha mwanzo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache hadi wiki moja, mwili ukizoea. Kufunga choo hakupungui. Utumbo hauizoei morfini kama kichwa kinavyoizoea. Kwa hiyo dawa ya choo inapaswa kuanza siku ileile ya dozi ya kwanza ya morfini na kuendelea kila siku maadamu morfini inaendelea. Baba yako alitakiwa kutoka hospitali na chupa mbili, au chupa na pakiti. Kama hakupewa, iulizie leo, bila kuona haya.

Dawa zenyewe si za ajabu. Za kuusukuma utumbo ni bisakodili, ambayo mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 5 hadi 10 usiku, au sena. Sena ndiyo sanamaki unayoiona kwa wauza dawa za asili pale Ngamiani, ila ile ya kidonge ina kipimo na ile ya majani haina. Za kuvuta maji ndani ya choo ni kama laktulozi, inayonywewa kwa mililita. Mara nyingi mgonjwa wa morfini anahitaji aina zote mbili, na muuguzi hupandisha kiasi mpaka mgonjwa apate choo laini angalau kila baada ya siku mbili au tatu. Zipo pia dawa mpya zinazozuia morfini tumboni tu bila kugusa utulivu wa maumivu. Ni ghali, wala hazihitajiki kabla ya hizi za kawaida kujaribiwa sawasawa.

Papai, ukwaju, machungwa ya Muheza, maji ya kutosha, kukaa na kutembea hatua chache ukumbini: vyote vizuri, mpe anavyoweza. Lakini havitoshi peke yake, kwa kuwa tatizo halikuanzia kwenye chakula. Na zile unga za nyuzinyuzi zinazokorogwa kwenye maji usimpe. Zinahitaji utumbo unaosukuma na mtu anayekunywa maji mengi, na baba hana kimoja wala kingine. Kumpa hizo ni kumwaga mchanga kwenye mfereji ulioziba.

Sasa yale maji machafu yanayomtoka. Shangazi akiyaona atasema huyu anaharisha, na mtu mwingine atakwenda kununua dawa ya kufunga kuhara. Msithubutu. Kwa mgonjwa wa morfini aliyekaa siku tisa, maji ya namna hii mara nyingi yanapita pembeni ya donge kubwa la choo lililokwama chini. Muuguzi atavaa glavu, atapima kwa kidole, na akilikuta atalitoa kwa dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa, au kwa mkono akiwa amempunguzia maumivu. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nimekataza haluli, na mafuta ya nyonyo pia, na kupiga bomba la maji ya sabuni nyumbani. Kusukuma kwa nguvu kutoka juu wakati chini kumezibwa huleta msokoto mkali, na kama utumbo wenyewe umeziba kunaweza kuupasua. Akitapika mfululizo, tumbo likawa gumu, na hata hewa ikawa haitoki, hiyo ni dharura ya saa ileile.

Kuna jambo jingine ambalo daktari lazima aliangalie kwa kuwa saratani ya baba iko mgongoni. Muulize: miguu ina nguvu kama wiki iliyopita? Anahisi ganzi mapajani au sehemu anayokalia? Mkojo unatoka, au umezuilika? Saratani ya mifupa ya mgongo inaweza kuubana uti wa mgongo, na moja ya dalili zake ni choo na mkojo kuharibika. Mtu akisema «ni morfini tu,» dalili hiyo inapita bila kuonekana, na miguu ikishapooza ni nadra kurudi. Kama lolote kati ya hayo lipo, liseme la kwanza ukifika mlangoni.

Nimesema choo na maneno ya baba vimeshikana. Fikiri siku yake ilivyo. Tumbo limejaa, halali. Yanamtoka bila kujua, na anayemsafisha ni binti yake. Mwanamume wa umri wake, aliyekulea, anafunuliwa nguo na mwanawe wa kike mara nne kwa siku. Nimewasikiliza wazee wengi wa pwani hii, na aibu hiyo huitaja kabla ya maumivu. Wapo wanaoacha kula makusudi ili wasichafue. Wapo wanaoruka dozi ya morfini kwa sababu wamegundua ndiyo inayowafunga, maumivu yanarudi, na maumivu yakirudi usiku ndipo mawazo ya kufa yanapokuja kwa nguvu. Wagonjwa wa saratani wako katika hatari ya kujiua karibu mara mbili ya watu wengine, na hatari huzidi pale maumivu yasipotulizwa, mtu anapojiona mzigo, na anapohisi heshima yake imeondoka. Wanaume karibu kila mahali hufa kwa njia hii zaidi ya wanawake, na sehemu ya sababu ni kwamba hawasemi. Baba yako amesema. Amekupa nafasi.

Kwa hiyo kama yupo kijana wa kiume katika ukoo, mjukuu au mpwa, mfundisheni kumsafisha na kumgeuza. Tandikeni mpira chini ya shuka, wekeni ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na pazia hata la kanga mbili. Msaidieni akae chooni au kwenye ndoo ya kukalia dakika chache baada ya uji wa asubuhi, miguu ikiegemea juu ya kigoda, kwani utumbo huamka kidogo baada ya chakula. Vitu vidogo hivi vinamrudishia mtu mamlaka juu ya mwili wake.

Na kuna sala. Sijui kama baba ameacha kusali, lakini muulize, maana wazee wengi wakianza kutokwa na uchafu hujiona hawana tahara na hujitenga na mswala kimyakimya. Kwa Muislamu aliyezoea jamaa msikitini, hilo ni pigo ambalo hospitali haina dawa yake. Sheria ya dini ina nafasi ya mwenye udhuru: hutawadha kwa kila sala wakati wake ukiingia, akasali hata kama kinaendelea kumtoka, na asiyeweza maji ana tayamamu, asiyeweza kusimama husali ameketi au amelala. Mwiteni imamu wake aje amwambie hayo kwa kinywa chake. Maneno hayo yakitoka kwa imamu yatakuwa na uzito kuliko yakitoka kwangu.

Turudi kwa shangazi na shauri lake la kuacha morfini. Mwili uliozoea morfini ukinyimwa ghafla hulalamika: tumbo linakata, mtu anaharisha, anatoka jasho, anatetemeka, halali, na juu ya hayo maumivu ya mifupa yanarudi yote kwa pamoja. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2019 kwamba wagonjwa waliokatishwa ghafla dawa za jamii hii walipata mateso makubwa, wengine wakafikia kujiua. Choo kitafunguka, ndiyo, lakini kwa gharama ambayo huitaki. Ikibidi kupunguza, daktari hupunguza polepole na kuweka kitu kingine mahali pake. Hakuna mtu anayepaswa kuchagua kati ya kuumwa na kupata choo.

Ukiwa Bombo usimalizie kwenye choo. Sema kwa sauti, au mpe daktari maandishi kama unaona haya mbele ya baba: «Amesema heri afe, na ameomba chupa ya dawa.» Omba aangaliwe pia kwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Sonona kwa mgonjwa wa saratani inatibika, kwa mazungumzo na kwa dawa, na haistahili kuchukuliwa kama sehemu ya lazima ya ugonjwa. Ila mkumbushe daktari habari ya tumbo kabla hajaandika, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona na za maumivu ya neva, amitriptilini mojawapo, huongeza kufunga choo. Omba pia mpewe morfini ya siku chache kwa kila safari badala ya chupa kubwa. Ni usumbufu wa nauli, najua, lakini kwa sasa unalipa. Kama mko karibu zaidi na Muheza, Hospitali Teule ya huko imekuwa na wahudumu wa tiba shufaa wanaowafuata wagonjwa hadi nyumbani, na wao wanayajua haya yote mawili.

Kuna dalili ambazo lazima uzijue kwa sababu morfini iko ndani ya nyumba. Ukimkuta amelala usingizi usiozinduka hata kwa kutikiswa, anapumua polepole mno au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo imepauka, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, usimpe maziwa wala usimtapishe, na mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi. Ipo dawa ya kuirudisha morfini nyuma, naloksoni, lakini kazi yake huisha mapema kuliko ya morfini, kwa hiyo mgonjwa hukaa chini ya uangalizi hata akiamka. Na ukigundua amekunywa zaidi ya kipimo, au hujui amekunywa kiasi gani, usidanganyike kwa kumwona anaongea. Tumbo linalokwenda polepole huachilia dawa kwa kuchelewa, na hali inaweza kugeuka baada ya saa nyingi. Nendeni palepale.

Wapo watakaosoma jibu hili wakiwa na sababu nyingine. Labda ni kijana wa Chumbageni au Pangani anayetumia heroini, au tramadoli za kununua mtaani, na tumbo lake linamsumbua hivihivi kwa kuwa dawa ni za jamii moja. Choo kigumu cha wiki nzima kwako ni mwili unaozungumza. Usizikatishe dawa hizo ghafla kwa siku moja, ukiwa peke yako, na ukishaacha kwa muda, ukatoka soba hausi (nyumba ya kuachia dawa za kulevya) au gerezani, usirudie kiasi cha zamani, kwa sababu mwili umeshasahau kukihimili. Tiba ya methadoni, dawa inayotolewa hospitali mahali pa heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011 na imesambaa mikoani. Methadoni nayo hufunga choo, kwa hiyo waambie wahudumu, wakupe dawa ya choo. Usiiache tiba kwa ajili ya hilo.

Na kama wewe unayesoma ndiye unayewaza kujitoa uhai, mwambie mtu mmoja leo, kabla ya kulala, kwa maneno hayohayo. Mkabidhi dawa zako azitunze. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali yoyote, saa yoyote. Namba ya dharura ni 112, na kwa watoto na wanaowalea ipo 116, bila malipo.

Mwanangu, baba akishafunguka, andika kwenye daftari lile lile la morfini safu ya pili: siku alipopata choo, kigumu au laini. Siku ya tatu ikipita bila kitu, piga simu kwa muuguzi, usisubiri ya tisa. Muulize tena baba juu ya yale mawazo baada ya siku mbili, na tena wiki ijayo, hata kama amecheka na kula vizuri. Na mgawane zamu za usiku. Mtu mmoja hawezi kupima dawa kila baada ya saa nne kwa miezi, akalala, akabaki na subira. Kama unaye kaka au ndugu aliye mbali, mwite aje walau wiki hii, na umweleze wazi anachokuja kufanya.